Nyumba ya Mlango Mmoja

Siku waliyokabidhiwa nyumba, Asukile alifungua mlango na kuufunga, akaufungua tena na kuufunga, bila kuingia, ili tu asikie kitasa kinavyolia. Mkewe Tusekile, aliyekuwa na mzigo wa godoro kichwani, alimwambia kwa mwendo huo kitasa kitakufa kabla hawajalala ndani. Wakacheka wote wawili. Walikuwa na haki ya kucheka. Magodauni ya bandari ya zamani, yaliyojengwa kwa mawe enzi za Wajerumani na kuachiwa popo tangu meli zihamie Itungi, yalikuwa yamepigwa kuta za matofali ndani, yakaezekwa upya, yakawa nyumba za watu. Sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, bomba ndani ya bafu. Huku kwetu ukingoni mwa Ziwa Nyasa, katika miaka ile ya sabini, bomba ndani ya nyumba lilikuwa habari ya watu wa Mbeya mjini.

Nyumba yenyewe haikuwa ya Asukile. Ilikuwa haki ya baba yake, mzee Yotamu, mpagazi aliyebeba magunia ya bandari ile tangu alipoota ndevu mpaka zilipokuwa nyeupe. Mradi wa nyumba hizo ulipobomoa vibanda vya wapagazi nyuma ya magodauni, kila mzee aliyevunjiwa aliahidiwa nyumba moja ya kuishi yeye na watoto wake. Aliyetoa ahadi hiyo alikuwa na nia njema kabisa. Tatizo ni kwamba hakuwauliza Wanyakyusa, na kwa Wanyakyusa wa kizazi cha Yotamu, mzee na mke wa mwanawe hawakai chini ya paa moja.

Tangu aolewe, Tusekile hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Akimwona kwa mbali njiani, aliingia migombani akageuka kuangalia upande mwingine mpaka apite. Jina lake hakulitamka hata kwa kunong'ona. Kule kanisani kulikuwa na kijana mwingine, mpiga ngoma, aitwaye Yotamu, na miaka yote hiyo Tusekile alimwita "wewe wa ngoma". Mzee naye alikaa mbali na jiko lake, mbali na njia yake ya maji, mbali na kigoda chake. Hapakuwa na chuki. Ilikuwa heshima, na kila mmoja aliishika kwa moyo safi. Wapo watu wa makanisani waliokuwa wameanza kuilegeza, lakini Yotamu, Mmoraviani wa kubatizwa na kuimba besi, alisema Mungu hajamwambia lolote kuhusu wakamwana.

Zamani hapakuwa na shida, kwa kuwa yeye alikaa vibandani na wao ng'ambo ya migomba. Sasa alisimama nje ya nyumba mpya, fimbo mkononi, akakataa kuingia.

"Mlango mwingine uko wapi?"

"Ni huu huu, tata," Asukile akamjibu.

"Godauni hili lilikuwa na milango minne. Nimeingiza kahawa mimi hapa, nimetoa mchele. Nakwambia minne."

"Wameiziba."

Mzee akazunguka godauni lote akipapasa kuta kwa kiganja, akarudi. "Basi mimi nitakuwa nje," akasema, bila hasira.

Asukile hakuwa mtu wa kumlaza baba yake nje. Alikata mianzi, akasuka kibanda safi nyuma ya nyumba, chenye ukuta uliopangwa kwa ustadi wa huku kwetu, mpaka wapita njia walisimama kukitazama. Mzee akahamia na mkeka wake, koti lake na kitabu chake cha nyimbo.

*

Miezi ile ya kibanda ilikuwa mizuri, na nasema hivyo kwa sababu baadaye hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuikumbuka. Chakula kilipelekwa na mtoto wao, Alinanuswe, binti aliyekuwa ameanza shule mwaka ule. Kama mtoto hayupo, Tusekile alikuwa na kuku mmoja mwekundu, akawa anazungumza naye kwa sauti kuu.

"Wewe kuku, leo kuna samaki, mbasa wa kuchoma. Liko bakuli pale mlangoni, mimi naondoka zangu."

Kutoka kibandani sauti nzito ingemjibu kuku: "Waambie wapishi ndaga, asante sana. Chumvi ya jana ilizidi kidogo."

Jirani yao Juliana, mke wa karani, Mbena wa Njombe asiye na simile, alikuwa akishika mbavu. "Mama Alinanuswe, siku huyo kuku akichinjwa mtaongea na nani?" Tusekile naye alicheka. Alimpenda yule mzee. Alijua kikohozi chake, hatua zake, wimbo anaouanza akiwa ameshiba. Alijua kila kitu chake ambacho masikio yanaweza kujua.

Kisha akaja bwana Liberatus, msimamizi wa mradi, mtu wa Iringa, suti ya kaunda iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alikuja na Jailos, balozi wa nyumba kumi. Akasimama mbele ya kibanda kama mtu aliyekuta ng'ombe sebuleni.

"Hiki ni kitu gani?"

"Ni cha baba," Asukile akasema.

"Ndugu, wageni wanakuja kuzindua. Watatoka Mbeya, wengine Dar es Salaam. Wanakuja kuona bandari ya kale iliyofufuliwa. Sasa mimi niwaonyeshe mianzi?"

"Baba hawezi kulala ndani, bwana msimamizi."

"Kwa nini hawezi? Anaumwa?"

Majirani walikuwa wameanza kusogea. Asukile akajaribu kueleza mila za kwao kwa Kiswahili cha ofisini, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyokuwa madogo. Alisema mke, akasema baba, akasema heshima, akasema kutoonana.

"Yaani mzee anamwogopa mkeo?" Liberatus akauliza.

Watu wakacheka. Hata Jailos, Mnyakyusa mwenzao aliyejua vizuri kabisa, alicheka, kwa kuwa bosi alikuwa amecheka. Tusekile aliyasikia yote akiwa nyuma ya dirisha, akatamani sakafu ile nzuri ya saruji impokee.

Liberatus hakuwa mtu mbaya. Alipoona uso wa Asukile aliacha kucheka. "Sikia, ndugu yangu. Kama nyumba haiwafai, irudisheni. Sikulazimishi. Wapo wengi wanaosubiri. Lakini kibanda hakikai."

Hapo palikuwa na mlango wa pili, na Asukile aliuona. Angeweza kusema chukua nyumba yako, akarudi migombani na watu wake. Akatazama vioo vya madirisha. Akamfikiria binti yake anavyokinga maji bombani bila kukanyaga tope. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa amekubali.

Jioni alikwenda kwa baba yake, akachuchumaa mlangoni. Mzee alishasikia.

"Nyumba usiiachie," Yotamu akasema. "Nimeipata kwa mgongo wangu. Mimi najua kukohoa, na yeye ana masikio."

Wakakibomoa kibanda wao wenyewe, baba na mwana, ili mgambo wasije wakakibomoa.

*

Wakaishi hivyo. Mzee alipewa chumba cha mwisho wa ujia. Kabla ya kutoka alikohoa mara mbili na kugonga fimbo, na Tusekile, awe anapepeta mchele au anakata kucha, alijitupa chumbani na kujifunika kanga kichwani mpaka fimbo ipite. Chakula kiliungua mara nyingi. Siku nyingine mzee alikaa saa nzima chumbani amebanwa na haja ndogo, kwa sababu alisikia sahani zikigongana na hakutaka kumkatiza. Siku nyingine walikutana ghafla kwenye kona, na kila mmoja akageukia ukuta wake, wakasimama hivyo, migongo ikitazamana, hakuna anayejua nani aanze kuondoka. Alinanuswe alicheka mpaka akakaa chini. Wao hawakucheka tena.

Kilichomsumbua zaidi Tusekile ni bafu. Fundi alikuwa hajaleta milango ya mabafu, akisema mbao ziko njiani, kwa hiyo palitundikwa pazia la gunia. Na ndani, katikati ya sakafu, ilipita reli. Zamani vitoroli vya mizigo vilisukumwa juu ya reli hiyo kutoka gatini, na wakubwa wa mradi waliagiza iachwe ilipo, wageni waone historia. Ilikatiza jikoni, ikaingia bafuni, ikaishia ukutani. Yotamu alikuwa amevisukuma vitoroli hivyo ujana wake wote. Miguu yake ilibaki na alama za kazi hiyo: mishipa iliyovimba kuanzia gotini hadi kifundoni, minene, ya samawati, kama walivyokuwa wapagazi wenzake wengi waliokwisha kufa.

Siku ya uzinduzi mtaa ulihama wote kwenda gatini. Asukile alipangwa kwenye mstari wa wafanyakazi watakaoimba. Alinanuswe alikuwa na kwaya ya shule. Kila nyumba iliagizwa chakula cha wageni, na Tusekile alibaki uani nyuma ya nyumba akimalizia wali wake, akiwa ameipa nyumba mgongo, kwa sababu ndani mzee alikuwa anaoga. Yotamu naye alikuwa na kazi siku ile. Liberatus alikuwa ameamua kwamba mpagazi mzee kuliko wote asimame mbele apeane mkono na mgeni rasmi. Mzee alikuwa amelipiga koti lake pasi mwenyewe, na sasa alikuwa anaimba besi huku maji yakimwagika.

Besi ikakatika. Kikafuata kishindo, na ndoo ikaviringika.

Tusekile alisimama na mwiko mkononi. Kuku mwekundu alikuwa pale pale miguuni pake, lakini hakumkumbuka. Akaingia ujiani, akasimama mbele ya pazia la gunia.

"Tata!"

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza wao wawili kusemeshana. Kisha sauti ikasema, taratibu, "Asukile yuko wapi?"

"Wamekwenda wote gatini. Mmeumia, tata?" Aliuliza kwa wingi, kama anayesema na mkubwa.

"Nimeteleza. Mguu umejichubua kwenye reli. Hata hauumi."

"Nije?"

"Usije. Sina nguo, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Tusekile akavua kanga ya juu, akageuza uso, akairusha kwa kuipitisha juu ya pazia. "Jifunikeni hiyo." Akasikia nguo ikivutwa. "Mmejifunika? Sasa nije?"

"Bado. Kamwite Asukile aje aninyanyue."

Akatazama chini. Maji yaliyokuwa yakitoka chini ya pazia kufuata mfereji yalikuwa mekundu. "Tata, damu ni nyingi."

"Ni maji yanaifanya ionekane nyingi. Nenda, mwanangu. Nakusubiri."

Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa gunia. Hakuna kufuli, hakuna ubao, ni gunia la chumvi lililotobolewa matundu ya kamba. Akauachia ukingo ule, akakimbia.

Gatini kulikuwa na kamba, na nyuma ya kamba kulikuwa na mgambo, kijana wa kutoka kwingine asiyemjua mtu. "Mama, rudi nyuma. Mgeni rasmi anahutubia."

"Baba mkwe wangu ameanguka. Namtaka mume wangu, yuko mstari ule."

"Ameanguka nani? Jina lake?"

Tusekile akafungua mdomo, jina likakataa. "Baba yake Asukile."

"Asukile yupi? Hapa kila wa pili Asukile. Taja jina la mzee, nimpelekee balozi aitwe mtu."

"Huyu mzee... mpagazi. Mzee wa koti."

"Mama, unacheza? Mzee hana jina?" Akamtazama: mabega wazi, mwiko wa wali bado mkononi. Akadhani amekunywa. Akamsukuma kifuani kwa upande wa kirungu, si kwa nguvu, lakini mbele ya watu. Mgeni rasmi alikuwa anasema historia si vitu vya kutupwa. Watu wakapiga makofi, na makofi yale yalikuwa marefu.

Yalipotulia, ikasikika sauti ya mwanamke.

"Yotamu! Yotamu anakufa! Asukile, Yotamu anakufa!"

Wanawake wa Kinyakyusa waligeuka wote pamoja. Wengine waliziba midomo, na haikuwa kwa ajili ya habari ya kifo. Juliana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka kamba, na nyuma yake Asukile, akiangusha watu.

*

Walimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kichwa kimeinamia bega. Bomba lilikuwa bado linatoa maji. Kanga ya mkamwana wake alikuwa ameizungushia kiunoni, akaikunja vizuri na kuichomeka ubavuni, pasionekane popote pasipotakiwa kuonekana. Mguu ulikuwa umenyooka pembeni, uko wazi.

Msaidizi wa tabibu wa zahanati, kijana mpole, aliugeuza mguu ule akaonyesha tundu dogo kwenye mshipa uliovimba, tundu la kuingia punje ya mchele. "Mishipa hii ikipasuka haiumi," akasema. "Mtu hajui. Damu inatoka tu. Ukiinua mguu juu na kuufunga kitambaa, inakoma." Akaitazama ile kanga. "Kitambaa chochote." Kisha akaona macho ya waliokuwepo, akafunga mkoba wake.

Liberatus alifika, akavua kofia, akalia waziwazi. Lakini alikuwa na wageni. Akatoka nje kuagiza wapitishwe upande wa pili wa magodauni, nyumba hizi za huku wataziona siku nyingine.

Mazishi nayo yalikuwa na shida zake. Mnyakyusa huzikwa kwake, kwenye migomba yake, watoto wakimpita kila asubuhi. Mtaa mpya haukuruhusu kaburi uani. Jailos alikwenda kuomba, akarudi ameinamisha kichwa. Yotamu akapelekwa makaburi ya umma, mbali, kando ya watu asiowajua.

Kabla ya kufunga jeneza, mama wa ukoo, bibi aitwaye Apolonia aliyeolewa huku akitokea Iringa na kuzeeka Mnyakyusa kuliko sisi, alimfuata Tusekile aliyekuwa amejikunyata chini na kanga usoni. Wanawake wengine walimzunguka.

"Mkamwana, inuka," Apolonia akasema. "Jina ulilitaja mbele za watu. Hilo tumeliona, tumekusamehe, ulichanganyikiwa. Lakini hukuingia. Alikuwa peke yake, nawe peke yako, gunia tu katikati, hukuingia. Umemheshimu mpaka mwisho. Binti zetu wa leo nani angeweza?"

Wanawake wakaitikia. Mmoja akapiga kigelegele kidogo cha heshima. Tusekile akatoa sauti ambayo sijui niiiteje, akataka kukimbia, wakamshika wakidhani ni uchungu wa kawaida wa msiba.

"Njoo sasa umtazame," Apolonia akamwambia. "Mtu akishalala hapo hana ukwe."

Wakamfunua kanga. Akamtazama. Paji pana, nyusi zilizoungana, kovu dogo kidevuni, sikio moja kubwa kuliko lenzake. Alitazama mpaka wanaume wakaanza kunong'ona kwamba jua linakwenda. Miaka yote ile alimpikia mtu huyu.

*

Waliporudi kutoka makaburini nyumba ilijaa watu, kisha ikabaki na wao. Alinanuswe alilala kwa Juliana. Asukile alikuwa amekaa mlangoni, kitasa begani pake, na Tusekile alikuja akakaa kizingitini upande wa pili. Jua la jioni lilikuwa bado juu ya ziwa.

"Alikuwa amejifunika," Asukile akasema.

"Ndiyo."

"Ulijua amejifunika."

"Nilijua. Nikauliza nije. Akasema bado." Akasubiri mumewe amtukane, ampige, aseme chochote. "Nilishika gunia, Asukile. Nililishika kwa mkono huu."

Asukile aliutazama ule mkono. Alitaka kumchukia, ingekuwa rahisi zaidi. Akashindwa. "Mimi ndiye niliyenyamaza," akasema. "Liberatus aliniambia nirudishe nyumba, nikatazama vioo." Akalia. Tusekile hakumgusa. Hakujua kama ana ruhusa.

Walikaa hivyo mpaka akatulia.

"Baba Alinanuswe."

"Mm."

"Akicheka alikuwaje?"

"Si ulikuwa unamsikia?"

"Nilimsikia. Usoni. Akicheka, uso unakuwaje?"

Asukile akajaribu kumwonyesha. Akainua mashavu, akafumba jicho moja, akavuta mdomo upande, vile baba yake alivyofanya, na midomo ikaanza kumtetemeka. Tusekile akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuzia kwenye mwanga, akaendelea kuutazama.